Shajara ya mradi: kurasa za wanaoanza katika wiki yetu ya programu huria

Novemba 2025, juma la kwanza

Kazi hii imeletwa na tarehe moja. Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na Windows 11 iliyochukua nafasi yake hudai kijenzi cha usalama cha TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni, masharti ambayo laptopu nyingi za mitumba zinazouzwa hapa Mombasa haziyatimizi. Mashine hizo si mbovu. Nyingi zina RAM ya gigabaiti 4 au 8 na diski iliyo nzima, na zikiwekewa Linux, mfumo endeshi huria, zinaweza kumtumikia mwanafunzi, mwalimu au mwenye saiba kwa miaka kadhaa zaidi. Ndiyo maana watu ambao hawakuwahi kuiwazia programu huria wameanza kuiulizia, na kila anayeuliza huelekezwa kwenye wiki yetu ya kujitolea, inayoandikwa kwa Kiswahili na kuendeshwa kwa MediaWiki, programu ileile inayoiendesha Wikipedia.

Wengi wao hawaumalizi ukurasa wa kwanza. Hufungua, husoma aya mbili tatu, kisha humpigia simu mtu wanayemfahamu ili awafanyie kazi yenyewe. Wiki ina kurasa nyingi, na baadhi zimeandikwa na watu wenye ujuzi mkubwa, kwa hiyo uchache wa maandishi hauwezi kuwa ndio unaowarudisha nyuma. Mradi huu unakusudia kukijua kinachowarudisha na kukiondoa. Tumekubaliana kwamba hautaandikwa ukurasa wowote mpya mpaka zilizopo zisomwe zote, na kwamba kila kasoro itakayoonekana itaandikwa kwanza kwenye ukurasa wa majadiliano, ili aliyeuandika ukurasa huo apate nafasi ya kueleza sababu zake kabla ya kubadilishwa chochote.

Novemba, katikati

Usomaji umekamilika. Kilichojitokeza mapema ni uzee wa maelezo. Ukurasa wa mtandao unamwagiza msomaji aandike amri ya ifconfig, ilhali tangu toleo la 9 la mwaka 2017 Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, haiweki tena amri hiyo katika usakinishaji wa kawaida, na mahali pake hutumika amri ya ip. Ukurasa wa lugha ya programu ya Python unafundisha toleo la 2, ambalo waundaji wake waliacha kulihudumia Januari 1, 2020. Ukurasa wa Wi-Fi una maelezo marefu ya kutafuta programu za kuendeshea kadi ya mtandao na kuzibeba kwenye flashi ya pili, kazi iliyokuwa ya lazima zamani lakini isiyohitajika tena kwa mashine nyingi, kwa kuwa wanachama wa Debian walilipigia kura jambo hilo mwaka 2022, na kuanzia toleo la 12 la Juni 2023 programu hizo huja ndani ya kisakinishi chenyewe. Upo pia ukurasa unaowaelekeza wenye mashine za biti 32 wapakue kisakinishi cha Debian cha aina hiyo, na Debian 13 iliyotoka Agosti mwaka huu haina tena kisakinishi hicho.

Hayo yanarekebishika kwa bidii ya kawaida. Lililonishughulisha zaidi ni mpangilio. Daniele Procida, ambaye amelitafakari jambo hili kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba maelezo ya programu ni ya aina nne: somo la kumshika mwanafunzi mkono, mwongozo wa kutimiza kazi fulani, marejeo ya kutazamwa pale yanapohitajika, na ufafanuzi wa kwa nini jambo liko kama lilivyo, na kwamba aina hizo zikichanganywa katika ukurasa mmoja, kila moja huidhoofisha nyingine. Ukurasa wetu wa kusakinisha Linux unachanganya zote nne. Unaanza na mradi wa programu huria wa GNU uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983, unaendelea na Linus Torvalds na kiini cha Linux alichokitangaza mwaka 1991, unaeleza aina za mifumo ya faili, na hatua ya kwanza ya kazi yenyewe inaonekana baada ya msomaji kuteremka sana. Historia hiyo ninaipenda, na ninaamini kila mtumiaji wa programu huria anastahili kuijua. Lakini mtu aliyeketi mbele ya laptopu iliyozimwa, simu i mkononi na bando linaelekea kwisha, hakuja kuisoma. Tumeihamishia kwenye ukurasa wake, na kiungo chake tumekiweka mwishoni mwa mwongozo, mahali ambapo msomaji anakuwa ameshapumua.

Novemba, mwishoni

Kabla ya kuhamisha aya nyingine ilitubidi tujue zimetoka wapi, kwa kuwa baadhi ya kurasa ni tafsiri za wiki za nje. Maandishi yetu yako chini ya leseni ya CC BY-SA 4.0, inayomruhusu yeyote kuyatumia na kuyabadilisha mradi ataje chanzo na kuitoa kazi yake chini ya leseni hiyohiyo. ArchWiki, wiki ya mfumo wa Arch Linux, ambayo wengi wetu tumejifunza kwayo na ambayo ninaiheshimu sana, iko chini ya leseni nyingine, GFDL 1.3, na leseni hizi mbili haziruhusu maandishi ya moja kuchotwa tu na kumwagwa ndani ya nyingine. Maelezo ya jumuiya ya Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, yako chini ya CC BY-SA 3.0, ambayo inakubali kazi iliyotokana nayo itolewe chini ya toleo la baadaye la leseni hiyo mradi chanzo kitajwe. Kwa hiyo kurasa zilizotoka Ubuntu zimewekewa kigezo, yaani kipande cha wiki kinachorudiwa kwenye kurasa nyingi, kinachotaja chanzo, na zile zilizotoka ArchWiki zitaandikwa upya kabisa, kwa mtu kuifanya kazi yenyewe kwenye mashine na kuandika anachokiona.

Wapo walioona kwamba kwa wiki ndogo kama yetu huu ni uangalifu uliopita kiasi. Mimi nauona kuwa sehemu ya somo. Programu huria ni huria kwa sababu leseni yake inasema hivyo na watu wanaiheshimu, na hatuwezi kumfundisha mgeni uhuru huo kwenye kurasa zinazoukiuka.

Desemba, juma la kwanza

Mitihani ya KCSE imekwisha, na kama ilivyo kila mwaka vijana waliomaliza kidato cha nne wanatafuta mahali pa kujifunza kompyuta huku wakisubiri matokeo. Tumepata chumba cha kuazima karibu na Makadara, na tumeanza kuwaketisha wasomaji wa kweli mbele ya kurasa zetu. Kanuni ni moja: hatufundishi. Msomaji hupewa laptopu yenye Windows 10, flashi, na simu iliyofunguliwa wiki, huambiwa anachotakiwa kukifikia, na sisi huketi nyuma yake tukiandika anachokisoma kwa sauti, anapokwama na anapouacha ukurasa. Ni kanuni ngumu kuitekeleza, maana mkono huwasha kutaka kumwonyesha mtu kitufe kilicho mbele ya macho yake. Hatukutafuta umati. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za kitu kinachojaribiwa, na tulichokiona kinakubaliana naye, kwa kuwa wa mwisho walikwama palepale walipokwama wa kwanza.

Kijana kutoka Kisauni alilipakua faili la kisakinishi bila shida, akafika pale ukurasa unapomtaka alikague kwa amri ya sha256sum ili kuhakikisha halikuharibika njiani. Aliiandika amri kama ilivyo, na Windows ikajibu kwamba haiifahamu. Akaiandika tena, akaangalia herufi moja moja, kisha akasema, "Labda kompyuta hii ni ya zamani mno." Kompyuta haikuwa na kasoro yoyote. Amri ya sha256sum ni ya Linux, na ukurasa ulikuwa ukiidai kwa mtu ambaye bado hana Linux na ambaye amekuja hapo hasa kwa sababu hana. Kwenye Windows kazi hiyohiyo hufanywa kwa certutil -hashfile, likifuatiwa na jina la faili na neno SHA256. Sentensi hiyo moja haikuwamo, na wote waliouandika na kuupitia ukurasa huo walikuwa watumiaji wa Linux wa siku nyingi ambao wasingeweza kuiona kasoro hiyo wakiwa kwenye mashine zao.

Mwalimu wa shule ya msingi kutoka Likoni alikwama kwingine. Alikuwa amekuja na flashi yake mwenyewe, na alipofika kwenye hatua ya kuiandalia Linux aliuondoa mkono kwenye kipanya akauliza, "Flashi hii ina maazimio yangu ya kazi ya mwaka mzima. Yatabaki?" Jibu ni kwamba hayatabaki, kwa kuwa programu kama Rufus au balenaEtcher hufuta kila kilichomo kwenye flashi kabla ya kuandika. Ukurasa ulilisema hilo, ila ulilisema chini, baada ya picha ya kitufe cha kuanzia kazi. Mwalimu aliokolewa na hadhari yake mwenyewe. Maandishi yetu hayakumsaidia.

Aliyetufungua macho kuliko wote ni mama mwenye saiba huko Mwembe Tayari, ambaye mashine zake zote ni za Windows 10. Aliusoma ukurasa wa kusakinisha kwa utulivu hadi mwisho, akaiweka simu mezani. "Mwanangu," alisema, "mmenieleza vizuri namna ya kuiweka. Hamjanieleza Jumatatu asubuhi kichapishi kikikataa, wateja wangu nitawapeleka wapi." Katika saiba yake watu huja kufungua eCitizen, kujaza ritani za kodi, kuskani vyeti na kuchapisha barua za kuombea kazi. Huduma za kwenye kivinjari hazikumtia wasiwasi mara alipokiona kivinjari kikifanya kazi. Kichapishi ndicho riziki yake, na katika mwongozo wetu wote wa kusakinisha hakikutajwa hata mara moja.

Desemba, katikati

Nimeyasoma maandishi ya vikao vyote kwa pamoja, na ninaandika hapa ninachoamini kuwa ndicho kiini cha mradi huu. Kurasa zetu zinajibu swali la "nifanyeje". Wasomaji wetu walikuwa wakiuliza, kila mmoja kwa namna yake, "nitapoteza nini". Kijana aliogopa kupoteza bando alilolinunua kwa taabu kama faili lingekuwa bovu. Mwalimu aliogopea maazimio yake ya kazi. Mama aliogopea siku moja ya mauzo. Asiyepata jibu la swali hilo haendelei, hata hatua zikiandikwa kwa ustadi wa namna gani, na kwa kutoendelea anatumia busara ambayo ukurasa wetu ulipaswa kuilisha.

Kwa hiyo tumetengeneza Kigezo:Kabla ya kuanza, ambacho sasa hukaa juu kabisa ya kila ukurasa unaomtaka msomaji atende jambo. Kina nafasi nne zinazojazwa: kitakachofutika au kubadilika, namna ya kurudi ulipokuwa, kitakachohitajika, na mahali salama pa kusimama kama ukilazimika kuiacha kazi katikati. Katika nafasi ya tatu tunataja hata ukubwa wa faili la kupakuliwa na hali ya betri, kwa kuwa kisakinishi cha Linux Mint, mfumo wa Linux tunaowapendekezea wageni, kinakaribia gigabaiti 3, na kukatika kwa umeme wakati diski inagawanywa kwenye laptopu isiyokaa na chaji ni hatari ya kweli. Nafasi isipojazwa, kigezo huuingiza ukurasa chenyewe katika Jamii:Kurasa zisizokamilika, nasi tunaziona zote mahali pamoja.

Mmoja wa wachangiaji wetu wakongwe alilipinga hili kwa hoja nzito. Alisema kwamba ukimwekea mgeni orodha ya hasara mlangoni utamfukuza, na kwamba watengenezaji wa programu za kibiashara hawafanyi hivyo. Tulikubaliana vikao vihukumu. Tuliwapa wasomaji wengine wapya ukurasa uleule, baadhi wakiwa na kigezo na baadhi bila hicho, na waliokuwa na kigezo walisonga mbele kwa utulivu mkubwa zaidi. Baadhi yao walisimama kidogo, wakahamisha faili zao kwenye simu, kisha wakaendelea. Mchangiaji huyo amejitolea kuzijaza nafasi hizo kwenye kurasa alizoziandika yeye mwenyewe, na anazijaza vizuri kuliko mimi, kwa sababu anajua kila mahali ambapo mambo yanaweza kuharibika.

Januari 2026, mwanzoni

Ukurasa wa kwanza wa wiki haumwambii tena mgeni asakinishe chochote. Unamwambia ajaribu. Kisakinishi cha Linux Mint kinaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi na kuendesha mfumo mzima bila kuigusa diski ya ndani, na kwa kufanya hivyo mtu anaweza kupima Wi-Fi, sauti, kamera na kichapishi chake kabla ya kuamua lolote. Hasara inakuwa ndogo kabisa: akizima mashine na kuitoa flashi, Windows yake iko palepale alipoiacha. Tumeandika kwa herufi nzito kwamba faili lolote atakalolihifadhi ndani ya mfumo huo wa majaribio litatoweka mashine ikizimwa, isipokuwa amelihifadhi kwenye diski nyingine. Tumependekeza Mint 22 toleo la Xfce, lenye eneokazi jepesi, kwa sababu linatosheka na RAM ya gigabaiti 2, ingawa 4 ndiyo inayopendekezwa, na kwa sababu limejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na litahudumiwa hadi 2029. Mwenye bando dogo ameelekezwa kwenye kisakinishi kidogo cha Debian, ambacho hakifiki gigabaiti moja, huku akielezwa wazi kwamba sehemu iliyobaki itapakuliwa wakati wa kusakinisha.

Kuna jambo dogo lililotokea vikaoni ambalo limepewa aya yake. Flashi ikishaandikwa, Windows wakati mwingine hushindwa kuisoma na humwuliza mtumiaji kama anataka kuifomati. Mtu makini huona swali, hudhani kuna jambo halijakamilika, hukubali, na kazi yote inafutika. Sasa ukurasa unalitaja swali hilo kabla halijatokea, unaonyesha picha yake, na unasema: kataa.

Januari, katikati

Juma hili limetumika kwa wanaotaka kubaki na mifumo miwili kwenye mashine moja, na hapa pana mengi kuliko nilivyotarajia.

La kwanza ni BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows. Baadhi ya laptopu hufungwa diski zake kwa usimbaji bila mwenyewe kukumbuka kwamba aliukubali, na mipangilio ya UEFI, programu ya ndani inayoiwasha mashine, ikibadilishwa, Windows inaweza kudai ufunguo wa urejeshi wa tarakimu 48 kabla ya kufunguka. Asiye na ufunguo huo anaweza kuzikosa faili zake zote. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya ukurasa, kabla hata flashi haijachomekwa, ni kuangalia kama usimbaji umewashwa, kuupata ufunguo kwenye akaunti ya Microsoft na kuuandika kwenye karatasi. Ninasisitiza karatasi. Picha ya skrini iliyohifadhiwa kwenye mashine ileile inayofungwa haina faida.

La pili ni saa. Linux huihesabu saa ya ndani ya mashine kuwa ni ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima, na Windows huihesabu kuwa ni saa ya mahali. Afrika Mashariki iko mbele ya UTC kwa saa tatu, na hivyo mtu aliyetumia Linux kisha akarudi Windows saa sita mchana anaweza kuonyeshwa saa tatu asubuhi. Hakuna kilichoharibika, lakini mgeni anayeiona tofauti hiyo siku moja baada ya kusakinisha huamini kwamba ameiharibu kompyuta, na wawili kati ya waliotuletea mashine zao walikuwa tayari wamepanga kuiondoa Linux kwa sababu hiyo tu. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 inaifanya Linux ifuate desturi ya Windows. Tumeieleza katika ukurasa mfupi wenye kichwa "Saa imerudi nyuma kwa saa tatu", maneno ambayo mtu mwenye tatizo angeyatafuta, badala ya kichwa cha zamani kilichohusu usawazishaji wa saa ya maunzi.

Badiliko hilo la kichwa limetufanya tuvipitie vichwa vyote. Mtu aliyekwama hutafuta kwa jina la anachokiona, kwa kuwa chanzo chake bado hakijui.

Januari, mwishoni

Mwongozo wa kusakinisha una tabia ya pekee: husomwa kwenye kifaa kingine, kwa sababu kile kinachofanyiwa kazi hakiwezi kuuonyesha. Kwa wasomaji wetu kifaa hicho kingine ni simu. Kurasa zetu zilikuwa zimepangwa kwa skrini pana, na kwenye simu jedwali la vitufe vya kuchagulia flashi lilikuwa likikatika katikati, hivi kwamba mwenye HP alikuwa akisoma kitufe cha mstari wa Dell. Tumelivunja jedwali hilo likawa mistari ya kawaida: Dell na Lenovo mara nyingi ni F12, HP mara nyingi ni Esc au F9.

Amri ndefu zilileta shida ya namna hiyohiyo, kwa kuwa simu huzivunja zikawa mistari miwili na msomaji huziandika kama amri mbili. Pale ilipowezekana tumetumia amri fupi, na pale isipowezekana tumeandika wazi kwamba ni mstari mmoja. Tumeiondoa pia alama ya dola iliyokuwa ikitangulia kila amri, desturi inayoeleweka kwa waliozoea terminali peke yao. Takriban kila mgeni aliiandika pamoja na amri. Picha za skrini zimepunguzwa ukubwa, na zile zisizoonyesha uamuzi wowote zimeondolewa.

Februari

Mombasa ndipo nyaya kubwa za intaneti za baharini zilipofikia nchi kavu: SEACOM na TEAMS mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata. Hata hivyo, msomaji tunayemwandikia hununua intaneti yake kwa bando la simu, na wiki inayohitaji intaneti ili kumweleza namna ya kurekebisha intaneti iliyokataa haimfai wakati anapoihitaji zaidi. Tumetumia programu ya mwoffliner kuigeuza wiki nzima kuwa faili moja la ZIM linalosomeka kwa Kiwix, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2007 ili Wikipedia iweze kusomwa bila mtandao, na ambayo ipo pia kwa simu za Android. Kwa kuwa hatuna video, faili letu ni dogo na linahamishika kutoka simu moja hadi nyingine kwa dakika chache. Kijana wa Kisauni amelisambaza kwa wenzake wa darasa. Chumbani petu tumeweka pia apt-cacher-ng, ili kifurushi kilichopakuliwa mara moja kwa ajili ya mashine moja kitumike na nyingine zote bila kula bando tena.

Februari, mwishoni, Ramadhani

Vikao vya alasiri vimesimamishwa na tunakutana kidogo baada ya tarawehe, kwa hiyo nimegeukia kazi ya ndani ya wiki. Usajili ulikuwa umefungwa kwa sababu ya roboti za matangazo, na mgeni aliyetaka kusahihisha neno alilazimika kumwandikia msimamizi. Tumeufungua upya kwa kutumia ConfirmEdit, kiongezi cha MediaWiki cha kuzuia roboti, yenye maswali tunayoyatunga wenyewe kwa Kiswahili, kwa mfano jina la kivuko kinachokiunganisha Kisiwa cha Mombasa na pwani ya kusini. Roboti zimepungua sana. Tumeandika pia kwenye kila ukurasa wa majadiliano kwamba "nimekwama hatua ya nne na sijui kwa nini" ni mchango kamili unaopokelewa kwa shukrani, kwa kuwa ndio aina ya mchango tuliokuwa tukiukosa.

Machi 2026, mwanzoni

Kila ukurasa wa kutenda sasa una alama ya toleo la mfumo ulilojaribiwa kwalo na mwezi wa jaribio hilo. Debian hutoa toleo jipya takriban kila baada ya miaka miwili, na litakapotoka tutabadilisha thamani moja tu ndani ya kigezo, na kurasa zote zilizojaribiwa kwa toleo la zamani zitaingia zenyewe katika Jamii:Kurasa za kupitiwa. Tumekataa kuweka tarehe ya uhariri wa mwisho kama kipimo, kwa sababu ukurasa uliorekebishwa nukta jana unaonekana mpya hata kama hakuna aliyezifuata hatua zake kwa miaka mitano.

Kurasa zilizotoka ArchWiki bado hazijakwisha kuandikwa upya. Za sauti na za usimamizi wa watumiaji zimebaki. Ukurasa wa kuripoti hitilafu umekamilika na unadai mambo matatu tu: ulifanya nini, ulitarajia nini, uliona nini.

Ukurasa wa vichapishi umeanzishwa na mama wa Mwembe Tayari kwa mkono wake, kwenye ukurasa wa majadiliano, kwa kuorodhesha vichapishi vyake na kazi ambazo mteja huzidai kwa kila kimoja. Alikiwasha kimoja kwa flashi ya majaribio na kikachapisha mara moja, kwa kuwa vichapishi vingi vya miaka ya karibuni hutambuliwa na CUPS, mfumo wa uchapishaji wa Linux, bila kuwekewa programu ya ziada. Cha zamani zaidi, ambacho ndicho anachokitegemea kwa kuskani, bado kinakataa, na mashine yake moja itabaki na Windows mpaka tulipate jibu. Hilo limeandikwa juu ya ukurasa, katika nafasi ya kwanza ya kigezo.

Kikao kijacho kitakuwa baada ya Idi na kitahusu vichapishi peke yake. Kila atakayekuja alete kichapishi chake pamoja na waya wake wa USB, na aje na karatasi ya kutosha.